Kalamu ya Sayyida Salme

Kila ninapomtaja Sayyida Salme katika darsa zetu, hakosekani wa kuuliza: "Si yule aliyeritadi?" Ndiye. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1867 alibatizwa Aden akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Hilo silipambi. Lakini ndugu zangu, anayetaka kujua mabibi wa majumba ya Unguja waliishije, atapata wapi shahidi wa ndani kama yeye?

Katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, tunawaona wakitembeleana usiku, wamevaa barakoa, watumwa wakiwamulikia njia kwa fanusi. Tunaona pia chuo cha watoto wa Sultani. Wasichana walisomeshwa Qur'ani, ila kuandika kuliachiwa wavulana. Salme akajifundisha kwa siri. Alinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kisha akamwomba mtumwa aliyejua kuandika amwongoze. Hapo husimama kila mara: binti wa Sultani anafundishwa na mtumwa, na kitabuni humo humo anautetea utumwa!

Na marufuku hayo hayakutoka kwenye dini. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia Shifa bint Abdullah (r.a.) amfundishe Bi Hafsa ruqya ya maradhi ya ngozi kama alivyomfundisha kuandika. Basi Mama wa Waumini alijua kuandika, na aliyemfundisha ni mwanamke. Kilichomzuia Salme ni mila tu.

Kalamu ile haikukaa bure. Mwaka 1859, Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, binti huyu wa miaka kama kumi na mitano ndiye aliyewaandikia barua wala njama. Uasi ukashindwa, Barghash akahamishiwa Bombay.

Barua zinazonigusa zaidi ni za Ujerumani. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha Hamburg na watoto watatu wadogo. Katika barua hizo anamsimulia rafiki wa Unguja habari za baridi, mialiko ya wakubwa, macho ya watu yanayomwandama, na upweke. Zilichapishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1924. Lakini ziliandikwa kwa Kijerumani! Rafiki gani wa Unguja angezisoma? Mimi naona alikuwa akizungumza na nyumbani kwao kwa lugha ambayo nyumbani hawakuijua, na hilo lanieleza ugeni wake kuliko malalamiko yote.

Mwaka 1885 alirudi Unguja, akifuatana na manowari za Kijerumani, kudai urithi. Wenzangu wa somo la mirathi wataona ugumu wake mara moja: fungu la baba, aliyefariki mwaka 1856, lilikuwa haki yake, la ndugu waliofariki baada ya yeye kubatizwa lina hukumu nyingine. Sultani wakati huo alikuwa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua za njama. Hakukubali kuonana naye.