"YELL": KUMBE YOWE NA WIMBO NI NDUGU

Leo nataka tulitazame neno moja la Kiingereza, "yell", kwa sababu lilinitoa machozi darasani.

Muhula uliopita tuliandika insha juu ya mkasa usiosahaulika. Mimi niliandika kuhusu usiku ule stovu ya mafuta taa iliposhika moto kwetu, ndugu yangu mchanga akiwa amelala ndani. Neno lililonijia kichwani lilikuwa "yell", nikalitafsiri hivi: "Mama alipiga kelele sana." Nilipoisoma, darasa zima likaangua kicheko. Ati mama naye aandikwe na kiranja! Wao walicheka, mimi nikalia, maana sauti ile ndiyo iliyowaleta majirani na mchanga, mtoto akatolewa salama.

Mwalimu akanituma maktabani. Kamusi ikanieleza kwamba "yell" ni kutoa sauti kali ya juu kwa uchungu, hofu, hasira au furaha. Si lazima maneno yawemo. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya mwaka wa 1100 hivi, lilikuwa "giellan". Waholanzi nao wana "gillen" hadi leo. Lililonishangaza zaidi ni jamaa yake, "galan", yaani kuimba. Ndilo lililomo katika jina la ndege "nightingale", mwimbaji wa usiku. Kumbe yowe na wimbo ni ndugu!

Turudi kwetu sasa. "Kelele" si kosa, lakini ni neno pana mno. Matatu ina kelele, soko lina kelele, hata Kidato cha Pili wana kelele! Ukitaka kutafsiri "yell", jiulize kwanza mtu huyo ana nini moyoni:

1. Anamwita aliye mbali: amepiga ukemi.
2. Anaomba msaada: amepiga mayowe, kamsa au nduru.
3. Ana hasira: amefoka.
4. Ana furaha: amepiga vigelegele au shangwe.

Niliandika upya: "Mama alipiga mayowe, majirani wakaja mbio." Niliposoma mara ya pili, hakuna aliyecheka. Mtoto mwenyewe sasa anatembea, na mama humpigia ukemi hadi barabarani chakula kikiwa tayari.

Basi msomaji, usione haya kufungua kamusi. Kuuliza si ujinga. Kwaheri.