"Mimi ni Nani?": Swali la Ramana Maharshi na Sala ya Mkristo

Huko Ulaya na Marekani wapo watu, Wakristo miongoni mwao, wanaokaa kimya kila siku wakijiuliza: "Mimi ni nani?" Je, zoezi hili linapatana na sala yetu? Tujifunze kwanza, ndipo tupambanue.

Asili yake

Advaita ni neno la Kisanskriti, maana yake "pasipo uwili". Ni fundisho la kale la Wahindu kwamba kiini cha ndani kabisa cha mtu na Ukweli wa milele si vitu viwili. Mwalimu wake mashuhuri wa karne ya 20 ni Ramana Maharshi (1879–1950). Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16 mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kifo. Akajilaza kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, anayekufa ni nani? Muda mfupi baadaye alikwenda kwenye mlima wa Arunachala, akaishi huko hadi kufa. Watu wa Magharibi walimfahamu hasa kwa kitabu cha Mwingereza Paul Brunton cha mwaka 1934.

Zoezi lenyewe

Wazo likija, unauliza: "Limemjia nani?" Jibu ni "mimi". Basi, huyo "mimi" ni nani? Wanaoanza hukosea wanapolikariri swali kama litania, au wanapotafuta jibu la maneno. Ramana alitaka mtu aifuate hisia ya "mimi" mpaka chimbuko lake, na kunyamaza hapo.

Shahidi mmoja

Henri Le Saux, mmonaki Mbenediktini kutoka Ufaransa, alifika India mwaka 1948, akamwona Ramana mwaka 1949. Mwaka 1950 yeye na Padre Jules Monchanin walianzisha makao ya sala ya Shantivanam. Kwa miaka mingi alisumbuka moyoni: kama hakuna uwili, ni nani anayemwita Mungu "Baba"? Hata hivyo aliendelea kuadhimisha Misa. Alifariki mwaka 1973.

Kupambanua

Tamko *Nostra Aetate* (1965) lafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Nayo barua ya Kiti Kitakatifu ya mwaka 1989 juu ya tafakari ya Kikristo yakumbusha kwamba sala yetu ni mazungumzo ya mtu na Mungu. Mbinu yaweza kusaidia, lakini haichukui nafasi ya mazungumzo hayo.

Hapo ndipo penye tofauti. Katika Utatu Mtakatifu, Baba na Mwana ni Mungu mmoja, ila Mwana si Baba. Umoja wao ni wa upendo. Nasi tukiunganishwa na Mungu hatumezwi, twabaki viumbe wanaopendwa.

Lakini swali la Ramana latufaa kutuvua mengi. Frateri ajiulize: bila kanzu, alama za mtihani na sifa za waamini, mimi ni nani? Mzazi ajiulize: bila kazi na cheo changu kanisani, ni nani anayebaki? Kaa na swali hilo dakika kumi mbele ya Ekaristi. Ukifika mahali pasipo na maneno, usijifungie humo peke yako. Geuka useme: "Wewe wanijua."