Tathabbut ndani ya maabara



Baada ya darasa hapa Ngarama, kijana mmoja wa sekondari aliniuliza: "Ustadh, nikisomea fizikia ya chembe ndogo, si nitapoteza imani, na kazi pia nikose?" Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si fizikia, kwa hiyo nilimwomba anipe wiki moja.

Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Aya inataja habari ya fasiki, na sisemi kwamba mashine ni fasiki! Lakini adabu ile niliikuta CERN, karibu na Geneva, ambako protoni hugonganishwa katika njia ya duara ya kilomita 27 chini ya ardhi.

Desemba 2015, vikundi viwili vya watafiti, ATLAS na CMS, kila kimoja na mtambo wake, viliona dalili ya chembe mpya. Wananadharia wakaandika mamia ya makala kuifafanua. Wenye mitambo hawakusema "tumegundua". Kwao, ugunduzi hautangazwi mpaka uwezekano wa bahati tupu kutoa dalili kubwa kiasi hicho ushuke hadi takriban 1 kati ya milioni 3.5. Wakakusanya data zaidi, na Agosti 2016 wakatangaza hadharani kwamba dalili imetoweka. Miezi minane, na jibu ni "hakuna kitu". Anayeichagua kazi hii atakutana na jibu hilo mara nyingi, na ataliandikia jina lake. Kwa maoni yangu hapo imani haipotei; hapo ndipo ukweli wa mtu unapopimwa.

Mwezi huohuo wa Agosti, Shule ya Fizikia ya Afrika ilikuwa ikifanyika Kigali, jirani yetu. Tangu 2018 Chuo Kikuu cha Rwanda kina taasisi ya EAIFR, mshirika wa ICTP ya Italia, inayofundisha fizikia hadi uzamivu.

Kuhusu kazi sikumficha. Ni hisabati na fizikia mpaka Senior 6, shahada ya kwanza, labda hapo Mbarara, uzamili, uzamivu, kisha mikataba ya miaka miwili au mitatu. Nafasi za kudumu ni chache. Ila takwimu na kuandika programu za kompyuta, anavyojifunza njiani, vinatafutwa hata benki.

Na kwa kuwa yeye ni wa Nakivale, nilimwambia aulizie mapema hati ya kusafiria ya mkimbizi. Barua ya chuo ikifika, hati isiwe ndiyo kwanza inaombwa.

Wallahu a'lam.