Kunyonya Mafuta: Maandalizi Yanaanzia Nyumbani

Upasuaji wa kunyonya mafuta si tiba ya unene, ingawa matangazo mengi hayasemi hivyo. Daktari hupitisha mrija mwembamba chini ya ngozi na kuvuta mafuta yaliyoshindikana kwa mazoezi: nyama uzembe za kiunoni, mapaja, chini ya kidevu. Mafuta yanayozunguka utumbo na ini, yale ya kitambi kigumu, hayaguswi. Anayefaa ni mtu ambaye uzito wake umetulia na hauko mbali na unaomstahili.

Usimfiche daktari

Kuwaficha majirani ni haki yako. Daktari mwambie yote: kisukari, presha, pumu, selimundu, na kama wewe au ndugu yako wa damu amewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Dawa zote unazotumia zitie kwenye mfuko mmoja umpelekee, pamoja na za miti shamba. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huifanya damu ichelewe kukata, na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kufanya vivyo hivyo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kinyume chake, huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Kipi kiachwe na lini, ataamua yeye. Usijiachishe dawa ya presha au ya moyo kwa ushauri wa shoga yako.

Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo, ngozi ikakosa damu na kidonda kikachelewa kupona. Shisha nayo ni tumbaku, hata ikinukia tofaa.

Nawe una haki ya kuuliza. Je, daktari huyu amesajiliwa? Tanzania Bara wanaosajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya lipo baraza lake. Nani atatoa nusu kaputi? Mgonjwa akizidiwa atapelekwa wapi? Kinachonyonywa kwa jumla kikizidi lita 5, hatari huongezeka, na mgonjwa anapaswa kulala hospitali. Anayekasirishwa na maswali hayo, muage.

Siku ya upasuaji

Hospitali itakupa saa za kufunga, zifuate hizo. Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla, chenye mafuta mengi saa 8, na maji matupu saa 2. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Futa rangi ya kucha, na kama kuna harusi karibu, hina ya vidole isubiri: kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni, na rangi nyeusi inaweza kukipotosha. Vaa dera au nguo pana yenye vifungo mbele.

Usiku wa kwanza

Hapa ndipo siri inapoponza. Katika miaka ya 1980 daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, alianzisha njia ya kujaza chini ya ngozi maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini, na upotevu wa damu ukapungua sana. Lakini ganzi hiyo huingia kwenye damu polepole, na kilele chake huweza kufika saa 12 au zaidi baadaye, wakati mgonjwa yuko kitandani kwake. Kwa hiyo lazima awepo mtu mzima, mume, dada au mama, anayejua kilichofanyika. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma, au mgonjwa akianza kuropoka, arudishwe hospitali usiku huohuo.

Tandikeni mpira na kanga kuukuu juu ya godoro. Maji ya rangi ya waridi yatavuja siku moja au mbili, na hayo ni ya kawaida. Nguo ya kubana isivuliwe bila ruhusa. Wengi huivaa wiki 4 hadi 6. Mgonjwa asilale tu akihudumiwa kama mzazi wa siku arobaini: siku hiyohiyo atembezwe polepole, hata kutoka chumbani hadi sebuleni, damu isigande miguuni.

Yafuatayo hayasubiri tarehe ya kliniki: kuhema kwa shida, kifua kuuma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa ya nyuzi 38 au zaidi, tumbo kuwa gumu, ngozi kubadilika rangi kwa kasi, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Tafuteni usafiri mapema, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya anayemuuguza, si ya mgonjwa.