Picha za Bidhaa: Upige JPEG au RAW?

Somo hili ni la wewe uliyenunua au kuazima kamera ili bidhaa zako zionekane vizuri mtandaoni. Iwe unauza mdalasini na karafuu za Matombo, stroberi za Mgeta au vitenge hapo Morogoro mjini, mteja wa Dar au Dodoma anatuma hela kabla hajashika mzigo. Anachoamini ni picha. Rangi ikidanganya, mzigo unarudi na jina lako linachafuka.

Kwenye menyu ya kamera, sehemu ya ubora wa picha, kamera nyingi zina JPEG, RAW, na zote mbili kwa pamoja. Tofauti ni hii: RAW ni unga, JPEG ni ugali ulioiva.

👉 JPEG: kamera yenyewe inaamua rangi na mwangaza, kisha inabana faili kwa kutupa taarifa ambazo jicho halizioni kirahisi. Faili linakuwa jepesi na linafunguka kwenye simu yoyote. Ila kilichotupwa hakirudi.

👉 RAW: kamera inatunza karibu kila ilichokipokea. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi (nyekundu, kijani, bluu). RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana picha iliyotoka giza kidogo inaokoleka. Lakini faili ni zito: kwa kamera ya megapikseli 24, RAW moja inaweza kufika MB 25 au zaidi, wakati JPEG nzuri huwa kama MB 10. Tena kila kampuni ina yake: Canon CR3, Nikon NEF, Sony ARW. Ukimtumia mteja hivyo hivyo, simu yake inaweza isifungue. Lazima uipitishe kwanza kwenye programu kama Lightroom, au darktable ambayo ni bure, halafu uitoe kama JPEG.

Kwa sisi wa chini ya Uluguru hili lina uzito. Wingu likishuka mlimani, picha inavuta bluu na mdalasini unaonekana wa kijivu. Ukipiga dukani chini ya balbu, kitenge cheupe kinakuwa cha njano. Kwenye JPEG rangi hiyo imeshapikwa humo, ukiirekebisha sana picha inaharibika. Kwenye RAW unaibadilisha baadaye bila hasara.

Sasa uchague nini?

1️⃣ Picha za kila siku za status na Instagram: piga JPEG, ubora wa juu kabisa, ukubwa wa L. Usichague ndogo ili kuokoa nafasi kwenye memori kadi. Picha kubwa unaweza kuipunguza, ndogo huwezi kuirudishia kisichokuwepo.

2️⃣ Picha ya lebo, bango au katalogi, au nguo ambayo rangi yake ni ngumu kunasa: piga RAW+JPEG. JPEG unaposti leo, RAW unaitunza kwa marekebisho.

3️⃣ Huna kompyuta wala muda wa kuhariri? Baki na JPEG bila aibu. Ila panga rangi ya mwanga (palipoandikwa WB) kabla ya kupiga: alama ya wingu ukiwa nje kwenye mawingu, alama ya balbu ukiwa ndani.

Mambo mawili ya kuepuka:

❌ Kuhariri JPEG ile ile na kuihifadhi tena na tena. Kila ukihifadhi inabanwa upya. Weka picha halisi kwenye folda yake, hariri nakala.

❌ Kumtumia mchapishaji wa lebo picha ya kawaida ya WhatsApp. Nayo inabanwa njiani. Itume kama dokumenti.

Zoezi la leo: weka bidhaa moja karibu na dirisha, kwenye kivuli, na karatasi nyeupe pembeni. Piga RAW+JPEG. Kwenye programu, rekebisha RAW mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, kisha shika bidhaa mkononi ulinganishe na picha zote mbili. Inayofanana na bidhaa ndiyo ya kuposti, hata kama ile nyingine inavutia zaidi.

Hifadhi somo hili, na mtumie muuzaji mwenzako. Biashara njema!