Msitu Usio na Mstari Katika Bajeti

Maji yanayotumika katika Jiji la Tanga hutoka Mto Zigi, ambao huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki na kukingwa katika Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Bwawa, mitambo na mabomba huandikwa katika hesabu za mali, na uchakavu wake hukadiriwa kila mwaka. Msitu unaoyashika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo kwa kawaida haumo, kwa kuwa hakuna aliyeununua.

Gharama yake, hata hivyo, hulipwa. Miti inapokatwa miteremkoni, au udongo unapofukuliwa kando ya vijito kama ilivyotokea katika uchimbaji mdogo wa dhahabu huko Sakale, tope hushuka mtoni. Ndipo fedha zinapotoka kwa majina mengine: shabu ya kusafishia maji, umeme, uondoaji wa tope.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa mtambo hutumia shabu ya shilingi milioni 10 kwa mwezi maji yakiwa maangavu, na ya milioni 16 yakichafuka. Upandaji miti wa milioni 30 kwa mwaka, ukizuia tope kwa miezi 6, huokoa milioni 36. Hapo kiangazi hakijahesabiwa bado.

Jambo gumu ni nani alipe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mkulima wa ekari mbili mlimani, mita hizo ni chakula cha watoto, ilhali anayefaidi maji safi yuko Chumbageni. Si haki mzigo huo ubaki kwake peke yake. Ndiyo sababu ushirikiano wa Tanga UWASA na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi, una uzito.

Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kupanua huduma. Deni hilo hulipwa kwa mapato ya maji, hivyo linategemea mto huohuo.

Mipango ya kijiji hujadiliwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko mkazi aweza kuuliza barabara ya mlimani imetengewa kiasi gani cha kuzuia mmomonyoko, na walioacha kulima ukingo wa mto watapewa nini: miche, mizinga ya nyuki au ng'ombe wa maziwa.