Avumaye baharini papa: Hatari za kweli unapokodi mashua kwenda visiwani

Likizo zinapowadia, familia nyingi, vyama vya akina mama, vikundi vya makanisa na wafanyakazi wa ofisi huteremka Pwani kupumzika. Miongoni mwa starehe zinazopendwa siku hizi ni kuchanga pesa na kukodi mashua nzima kwa siku moja, kwenda visiwani kuogelea na kutazama samaki na matumbawe kwa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Mahali panaposifika sana ni Kisite, ambako watu husafiri kutoka Shimoni, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Eneo hilo ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na aghalabu wageni huwaona pomboo na kasa.

Ukimuuliza mgeni anachoogopa zaidi baharini, atakutajia papa. Lakini wahenga walisema: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Visa vya papa kumshambulia mwogeleaji ni nadra sana katika pwani yetu. Kinachoua ni maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa katika nchi za mapato ya chini na ya kadiri kama yetu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya hatari za safari kama hii huweza kuzuiwa mkiwa bado ufuoni, kabla hujatoa hata senti. Hilo ndilo somo letu leo.

Ukikodi mashua, wewe ndiwe mwenye safari

Ukijiunga na safari ya kampuni ya utalii, mara nyingi kampuni huwa na waongozaji wake wanaoingia majini pamoja na wageni. Ukikodi mashua peke yenu, mtapata mashua, nahodha na labda baharia mmoja. Mambo mengine yote mtayapata tu mkiyauliza na kuyapatana. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mwulize nahodha maswali haya:

1. Je, chombo kimesajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya (KMA), na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Hesabu kila mtu, hata mtoto wa kupakatwa. Wakenya hawajasahau Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilichokuwa kimejaza watu kupita kiasi kilipopinduka na watu 272 wakafa.

2. Je, kuna jaketi okozi kwa kila abiria, na ya watoto yapo? Usikubali kuambiwa yapo. Yatolewe na kila mtu avae lake mashua ikiwa ingali imefungwa. Baada ya kumfunga mtoto, shika jaketi mabegani na ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini litamtoka. Tafuta jingine au mtoto asiende.

3. Nani atakayewaangalia waogeleaji? Awepo baharia mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, wala si kupika samaki au kupiga picha. Injini izimwe watu wakiwa majini, na pawe na ngazi ya kupandia.

4. Injini ikizimika, mtafanya nini? Kuwe na makasia au injini ya akiba, nanga yenye kamba ndefu, na simu au redio iliyofungwa isiingie maji. Pia mwachie mtu wa nchi kavu majina ya abiria wote na saa mnayotarajiwa kurudi.

5. Bahari ikichafuka, pesa zetu zitakuwaje? Wengi hawaliulizi swali hili, nalo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kundi lililokwisha kulipa kila kitu huona uchungu kuahirisha, na nahodha aliyekwisha kununua mafuta huona uchungu kurudisha pesa. Hapo ndipo watu huondoka hali wote wanaona mawimbi. Patana mapema kwamba hali ikiwa mbaya safari itasogezwa siku nyingine bila yeyote kupoteza.

Nahodha akikataa kutweka, mshukuru. Usimwongezee pesa ili abadili nia.

Upepo na maji

Watu wa Pwani husema bahari haiishi zinge. Pepo mbili ndizo zinazotawala pwani yetu. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, nayo huleta mawimbi makubwa na kuyatibua maji. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na wakati huo bahari huwa tulivu zaidi na samaki huonekana vizuri. Hii haina maana kwamba huwezi kwenda Agosti, ila ni lazima uwe tayari zaidi kuahirisha.

Maji nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni wakati wa bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo baina ya visiwa na miamba huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu mikondo hupungua. Saa nzuri ya kuogelea ni ile maji yanapotulia kabla ya kugeuka. Mwachie nahodha achague saa hiyo, hata kama itawabidi kuondoka mapema au kuchelewa kula.

Ukijikuta unachukuliwa na mkondo, usishindane nao uso kwa uso, kwa maana utachoka upesi. Lala chali, elea, inua mkono mmoja na ungoje mashua. Kama unaweza kuogelea, kata mkondo kwa upande badala ya kuurudi.

Anayezama hapigi kelele

Watu wengi hudhani anayezama hupunga mikono na kuita. Kwa kawaida huwa kimya. Mdomo wake u usawa wa maji, na hewa anayoipata haimtoshi kuita. Mikono yake huyasukuma maji chini, mwili wake husimama wima, na baada ya muda mfupi hutoweka.

Kwa wanaotumia mrija kuna hatari nyingine. Anayetazama samaki huelea kifudifudi bila kutikisika, na aliyezimia majini huelea vivyo hivyo. Ukiwa mashuani huwezi kuwatofautisha kwa macho tu. Kwa sababu hii, kila mtu awe na mwenzake, wakae karibu kiasi cha kushikana mikono, na kila baada ya dakika chache mmoja amwulize mwingine kwa ishara kama yu salama, naye ajibu. Asiyejibu anyanyuliwe kichwa mara moja. Baharia mwangalizi naye awahesabu waogeleaji bila kuchoka.

Jinsi ya kutumia mrija

Usiutumie mrija kwa mara ya kwanza kwenye kina. Jizoeze kwanza mahali ambapo maji hayapiti kiunoni. Vuta pumzi polepole na uitoe yote. Maji yakiingia mrijani, puliza kwa nguvu yatoke. Ukishtuka au kuishiwa na pumzi, fanya mambo matatu: geuka chali, utoe mrija mdomoni, inua mkono. Zoezi hili lifanywe na kila mtu, hata mara tano, kabla ya mashua kwenda kwenye kina.

Wasiojua kuogelea wanaweza kufurahia matumbawe wakiwa na jaketi okozi na wakishikilia boya linalovutwa na baharia. Lakini ikumbukwe kuwa jaketi halimfundishi mtu kuogelea. Asilivue hata kama anaona amezoea.

Vijana nao hupenda kushindana nani atakaa chini zaidi, na kabla ya kuzama huvuta pumzi nyingi za harakaharaka. Hili ni jambo la hatari kubwa. Pumzi hizo hupunguza hewa chafu mwilini, ile inayomfanya mtu ahisi haja ya kupumua. Hivyo mtu huweza kuzimia chini ya maji bila dalili yoyote, hata awe mwogeleaji hodari.

Kupumua kwa mrija huhitaji juhudi zaidi ya kupumua kawaida. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au pumu amwone daktari kabla ya safari, na mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta. Mwenye kifafa asiingie majini bila idhini ya daktari na mtu wa kumshika. Pombe ingoje hadi mrudi nchi kavu.

Kichefuchefu na jua

Anayechafukwa na roho baharini ale chakula chepesi asubuhi, aketi katikati ya mashua mbali na moshi wa injini, na atazame mbali pale mbingu na bahari zinapokutana. Dawa za kuzuia kichefuchefu humezwa saa moja au mbili kabla ya kuondoka, si baada ya kutapika. Nyingi huleta usingizi, kwa hivyo aliyezinzia asiogelee. Mwuulize mwuza dawa kuhusu watoto na waja wazito.

Mwenye kutazama samaki husahau kuwa mgongo wake umeelekea jua. Ngozi nyeusi pia huungua. Vaa fulana ya mikono mirefu hata majini, hasa baina ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na sehemu zilizo wazi zipake mafuta ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili. Wenye ualbino wajifunike zaidi na wakae kivulini. Beba maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu mzima.

Wenye miiba na wenye sumu

Usikanyage wala kushika matumbawe. Unayaua, na yenyewe hukata ngozi na kuacha vidonda vinavyooza upesi. Vaa viatu vya mpira unapotembea kwenye maji machache, na uburute miguu mchangani ili taa aliyejificha akimbie.

Beba chupa ya chai iliyojaa maji moto. Atakayechomwa na taa, na samaki anayefanana na jiwe, au na samaki mwenye mapezi marefu ya mistari, atumbukize sehemu iliyochomwa katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, maana mgonjwa anaweza kuungua bila kujua. Kisha apelekwe hospitalini, na aulizwe kama amedungwa sindano ya pepopunda.

Miiba myeusi ya wale viumbe wa mviringo walioko miambani itolewe ile inayoonekana tu, bila kuchokora nyama. Mwiba ulio kwenye kiungo cha kidole au goti utolewe na daktari. Aliyewashwa na yavuyavu asisugue ngozi. Aoshwe kwa maji ya bahari, nyuzi zilizoganda ziondolewe kwa kibano au kadi, si kwa vidole vitupu. Mkojo haufai.

Kumwokoa aliyezama

Usimrukie anayezama bila kifaa, kwani atakushika mzame wote wawili. Mtupie boya, kamba, au mtungi mtupu uliofungwa vizuri.

Akitolewa majini na hapumui, mlaze chali, rudisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu. Mzibe pua, mpulizie pumzi tano mdomoni ukihakikisha kifua kinapanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili. Endelea hivyo bila kukoma huku nahodha akielekea nchi kavu na mwingine akipiga simu 999 au 112. Usimbonyeze tumbo wala kumning'iniza kichwa chini ili atapike maji. Unapoteza wakati, na matapishi huingia mapafuni. Akipumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu.

Yeyote aliyenusurika kuzama na bado anakohoa, anapumua kwa shida au amelegea, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata akisema amepona. Kwa wanaotoka Shimoni, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni.

Wiki hii, kabla hamjachanga pesa, chagueni mtu mmoja katika kundi lenu ambaye si mwoga wa kuuliza maswali. Mpeni ukurasa huu. Yeye ndiye atakayezungumza na nahodha, atakayehesabu majaketi, na ambaye neno lake la "leo hatuendi" halitabishwa na yeyote.